Fundi Asiyetia Kitasa

9 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba ile mashine ya randa haijakulamba kidole kingine. Sisi tupo. Paa linavuja palepale ulipoziba. Mimi bado niko kiwandani, kitengo cha kufunga sabuni, mikono inanuka malimau ambayo hayajawahi kuota popote.

Nilikupigia simu mara mbili wiki iliyopita. Ukaniuliza "nani?" mara tisa, nikakata. Mkaza mjomba anasema msumeno umekula masikio yako, yaliyobaki ni ya kushikilia miwani. Basi naandika, na nakuomba ujibu kwa kalamu. Usinitumie salamu kwa mdomo wa dereva wa basi, maana huyo akifika hapa huwa amekwisha kuzichanganya na za abiria wengine.

Mjomba, ni kuhusu Mama. Wewe unajua alivyokuwa. Miaka thelathini masijala, wenzake wakimwita Kabati, kwa sababu ukimtajia jina la mtu alikupa namba ya faili lake na kukuambia ukurasa wa pili una doa la chai. Mwezi wa kumi na moja walimwita ofisini kumuaga mwenzake anayestaafu. Nikampeleka. Alifika mlango wa masijala, akaushika mkono wa mlango, akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini hapa ni kwa nani, na kama tumealikwa. Nilicheka, nikidhani ananitania.

Hatanii. Vidole vinatetemeka hata kikombe kinamwagika. Anavaa sweta mbili mchana wa jua kali. Analala kama aliyelewa, kisha anapata siku mbili za kuwa yeye kabisa, ananikosoa hata ninavyokunja shuka, nafurahi, halafu siku ya tatu hajui bafu liko wapi. Anasema kuna mtu nyuma ya mlango wa jikoni, amekaa, hasemi kitu.

Nimempeleka kwa daktari. Kijana mpole, anaandika sana. Ameuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivi, kusahau, kuona watu wasiokuwepo, kuvimba shingo. Mama alitazama ukuta. Mimi Bibi sikumjua, najua tu kwamba alifariki Mama akiwa na miaka tisa, na kwamba nyumbani kwetu habari zake hazikuzungumzwa. Umebaki wewe. Bibi aliugua nini?

Mpwa wako.


2 Februari

Mpwa wangu, Bi Sabuni,

Marahaba, na marahaba tena ya akiba. Barua imefika, imenuka mfukoni mwa dereva wiki nzima, mkaza mjomba wako akaniuliza nimeanza kujipaka manukato kwa ajili ya nani. Hatujambo. Mgongo unauma asubuhi, jioni unasahau. Nimepata kazi ya shule, milango kumi na minane, na mwalimu mkuu amenizunguka siku tatu akitaka nimtilie na vitasa. Nimemwambia kitasa atafute mtu mwingine, mimi nikishafunga bawaba na mlango ukafunguka na kufungika bila kulia, kazi yangu imeisha. Kaenda zake akinung'unika kwamba Fundi Wazi ni mtu wa ajabu. Hilo jina limenikaa, nami nimelizoea.

Kuhusu mama yako, huo ni uchovu. Mtu aliyebeba mafaili ya watu kichwani miaka thelathini, siku akiyatua lazima ayumbe kidogo. Mpe supu ya moto, mtoe nje apate hewa, usimsomeshe maswali. Namtumia kigoda nilichomtengenezea, kina mgongo, anaweza kukaa mlangoni akatazama watu.

Bibi yako alikufa kwa homa. Ilikuwa homa ya siku tatu. Mwambie daktari aandike hivyo.

Msalimie sana mdogo wangu. Mwambie Kaka anamkumbuka.

Mjomba wako,
Fundi Wazi


24 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kigoda kimefika, hakina hata mkwaruzo. Mama amekikalia siku ile ile, akakipapasa chini kutafuta ulipochonga alama yako, akaiona, akasema, "Kaka huyu." Nikasema mwenyewe kumbe yumo. Natumaini mgongo umetulia na milango ya shule imekwisha.

Nilimwambia daktari kuhusu homa. Akaandika, akafunga faili. Alikuwa na mpango wa kutuma damu maabara kubwa ikapimwe mambo ya tezi, lakini akasema kama ukoo hauna historia, na shingo yenyewe haijavimba, haoni sababu ya kuisafirisha. Amempa vidonge vya kumbukumbu. Wiki ya tatu sasa, na mimi naona ndio kwanza kumbukumbu zinakimbia.

Alhamisi alitoka nikiwa zamu. Jirani, yule mama anayeuza vitambaa, alimkuta uwanja wa vyuma chakavu amesimama kati ya magari yaliyokufa, miguu mitupu, akisubiri kuitwa jina. Alidhani yuko kwenye foleni. Mjomba, siwezi kuacha kazi. Na wa kumlinda sina. Nimenunua kufuli. Nikienda zamu nafunga kwa nje, saa nane hizo, chakula nimemwekea mezani, maji nimemwekea.

Najua wewe ukisikia kufuli utanitukana. Ndiyo maana nakuambia kabla hujaambiwa na mtu.

Lakini yapo mambo mawili siyaelewi. La kwanza, jirani anasema nikishaondoka Mama hukaa chini nyuma ya mlango, haupigi kwa fujo, anaugonga kwa vidole tu, akisema, "Kaka, fungua. Kaka, fungua basi." Jina langu haliiti. La pili ni kopo la chumvi. Nikirudi nalikuta limefunguliwa, chumvi imemwagika juu ya meza hadi sakafuni, na Mama mkono wake mweupe mpaka kwenye kiwiko. Nimemuuliza anatafuta nini. Anafuta mkono kwa gauni, ananitazama kama mtoto aliyekamatwa.

Mjomba, homa ile ilikuwa homa gani?

Mpwa wako.


30 Machi

Mpwa wangu,

Hatujambo. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na kazi.

Ondoa kufuli. Litoe leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii, weka karatasi chini uende ukalitoe. Tafuta mtu wa kukaa naye, muombe huyo mama wa vitambaa auzie vitambaa vyake hapo kwenu. Kama huna mtu nitamtuma mkaza mjomba wako. Lakini usimfungie. Sikuombi, nakuambia kama mjomba wako.

Homa ni homa. Nilikuwa mtoto, sikumbuki zaidi.

Mjomba wako.


17 Aprili

Shikamoo, Mjomba.

Leo sina habari za paa wala za kiwanda.

Barua yako ilifika tarehe kumi. Mama alianguka tarehe saba. Alianguka ndani, mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na mimi niko kwenye mashine natia sabuni kwenye karatasi. Jirani alisikia kishindo, kisha akasikia miguu ikipiga sakafu. Akasukuma mlango, ukagoma. Alivunja dirisha kwa mguu wa kigoda chako kilichobaki nje, akamsukumia mwanawe ndani. Walimkuta mwili umekakamaa, povu mdomoni, macho yamegeuka. Hakufa. Ninaandika nimekaa kando ya kitanda chake wodini. Ananitazama, ila haelewi mimi ni nani, na ananiomba radhi kila baada ya dakika chache kwa kosa asilolitaja.

Kufuli nimelitupa. Ningelitupa mapema kama ungeniambia kwa nini. Wewe umenipa amri tu, kama unayemfokea mtoto anayechezea patasi. Mimi nina miaka thelathini na moja, na mgonjwa ni mama yangu.

Daktari wa hapa ni mwingine, mwanamke mtu mzima, anayeuliza swali moja kisha ananyamaza mpaka ulijibu. Anasema kifafa, mtetemeko, baridi, na hizi siku za kuja na kwenda, haviendi pamoja na kusahau kwa kawaida. Kuna ugonjwa wa nadra anaoufikiria. Amesoma faili, akaona neno "homa," akaniuliza nani alisema. Nikasema mjomba wangu. Akauliza, "Na wewe unaamini?"

Jibu wewe, Mjomba. Kama kuna kitu unakijua na umekikalia, nakuomba simama.

Mpwa wako.


21 Aprili

Mpwa wangu,

Nusu ya kwanza ya karatasi hii ikate, mpelekee daktari. Nimeandika kwa herufi kubwa.

MAMA YETU ALIKUWA NA UVIMBE SHINGONI, MBELE. SAUTI ILIKWARUZA. USO ULIJAA. ALISIKIA BARIDI WAKATI WOTE. NYWELE NA NYUSI ZILIPUKUTIKA. MIKONO ILITETEMEKA. ALISAHAU MAJINA YETU, KISHA ANAKUMBUKA, KISHA ANASAHAU. ALIONA WATU. ALIANGUKA KIFAFA MARA NNE NINAZOZIJUA. ALIKUWA NA MIAKA THELATHINI NA SITA. DADA YAKE MKUBWA NAYE ALIKUWA NA UVIMBE HUOHUO.

Kata hapa.

Hii nyingine ni yako. Watu walisema mama ana wazimu. Baba aliamini, alikuwa mtu wa kazi, hakuwa na nafasi ya kufikiri. Kilikuwepo chumba nyuma ya jiko, cha kuwekea kuni. Akatiwa humo. Baba akitoka asubuhi ananipa ufunguo wa kufuli, nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimfungulie saa sita nimpe chakula, nimfungie tena. Miezi saba nilikuwa na ufunguo huo mfukoni. Mama alikuwa ananiita nyuma ya mlango, na mimi nilijifunza kupiga mluzi ili nisisikie. Mama yako alikuwa anakaa chini upande wa nje, anazungumza naye. Zipo siku Mama alikuwa anamjibu vizuri kabisa, mpaka kumfundisha hesabu.

Siku ya mwisho, saa sita, nilitia mkono mfukoni, ufunguo hamna. Nikarudi uwanja wa mpira nilikocheza asubuhi, nikatambaa kwenye majani mpaka magoti yakatoka damu. Mama alianguka tukiwa nje. Tulimsikia. Nilipiga mlango kwa mawe, ulikuwa mlango mzuri, sijawahi kuona mbao ngumu vile. Baba alipofika jioni na shoka, Mama alikuwa amekwisha kufa, mwili umepoa.

Nilipoteza ufunguo. Baba alinichapa kwa mkanda siku mbili, na alikuwa na haki. Majirani tuliwaambia ni homa. Hayo ndiyo yote.

Nisamehe kama utaweza. Nimempa dereva barua hii mkononi, nimemwambia akiilaza hata siku moja sitamtengenezea kitanda cha harusi.

Mjomba wako.


8 Juni

Mjomba, shikamoo.

Natumaini wewe na mkaza mjomba ni wazima. Paa limezibwa, dirisha alilovunja jirani limewekwa jipya, naye sasa anauzia vitambaa hapo, mimi nimebadilishiwa zamu. Kaa kwenye kiti kabla hujaendelea.

Daktari alisoma herufi zako kubwa amesimama, kisha akakaa. Damu ikasafirishwa siku ileile. Kwa jinsi alivyonieleza, ule ulinzi wa mwili unaopigana na magonjwa umeigeukia tezi ya shingo ya Mama na kuishambulia kama adui, na kwenye damu wamekuta hao askari waasi kwa wingi wa kutisha. Kwa watu wachache sana, anasema, ubongo nao huumia pamoja. Hana hakika. Hakuna kipimo cha kusema ndiyo moja kwa moja, wanaondoa magonjwa mengine moja moja, kisha wanajaribu dawa waone. Dawa ya tezi kila asubuhi, na prednisoloni ya kuwatuliza hao askari, kwanza kwa dripu, kisha vidonge.

Siku ya tisa niliingia wodini na uji. Mama alikuwa amekaa, amevuka miguu. Akanitazama juu mpaka chini akasema, "Na hizo nywele umeziachia mpaka lini?" Mjomba, nililia mbele ya wagonjwa kumi na wawili. Siku iliyofuata alimuuliza nesi jina la baba yake, akamtajia namba ya faili la pensheni la mzee huyo, na kumwambia lilikuwa halina picha. Nesi alikimbia kumwita daktari.

Wiki ya tatu sasa tuko nyumbani. Si kila kitu kimerudi. Barabara ya sokoni imempotea, na ana miaka mitano hivi asiyoikumbuka kabisa. Lakini ni Mama. Ananikosoa shuka.

Juzi aliuliza kwa nini mlangoni hakuna kufuli, ilhali zipo alama zake. Nilimwambia. Kisha nikamsomea barua yako yote, sikuona sababu ya kumficha na yeye, tumefichana vya kutosha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda jikoni, akakaa muda mrefu mbele ya lile kopo. Aliporudi akasema nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sikugusa hata moja.

"Kaka. Hukuupoteza. Niliuchukua mimi kwenye suruali yako ulipokuwa unaoga. Usiku wa kuamkia siku ile nilimsikia Baba akisema kesho akirudi kazini mama anapelekwa hospitali ya wendawazimu, mbali, na sisi hatutaruhusiwa kwenda. Nikawaza, bila ufunguo hawataweza kumtoa. Niliuzika kwenye kopo la chumvi. Alipoanguka nilikwenda nikasimama mbele ya kopo, na mkono wangu haukunyanyuka, niliogopa watajua ni mimi. Ulipochapwa nilikuwa nyuma ya pipa la maji, nikihesabu. Nilitaka kusema ilipofika kumi. Baada ya mwezi nilikwenda kuutoa nikuletee, haukuwepo. Nilikuwa mtoto, nikadhani chumvi imeula. Sikuacha kukuona, Kaka, kila ulipomwambia mteja kwamba hutii kitasa. Nilijua ni mimi."

Anakuomba umjibu upesi. Anasema akili hii ni ya kuazima, mwenyewe anaweza kuja kuidai muda wowote. Na mimi nakuomba hivyohivyo, Mjomba. Hata mstari mmoja.

Mpwa wako.


28 Juni

Mpwa wangu, na mdogo wangu, maana najua utamsomea,

Marahaba. Sisi ni wazima. Nimekawia kwa sababu nilitaka vitu vifike pamoja, na mbao zilikuwa bado mbichi. Lori la shule linakuja huko kwenu kuchukua madawati, litaleta mlango. Ni mlango wa vipande viwili. Cha chini kina pingo la mbao kwa nje, mtu akifunga, mgonjwa hapotei. Cha juu hakina kitu, kinabaki wazi. Mdogo wangu aweke viwiko hapo atazame watu, azungumze na yeyote anayepita. Nimekilainisha kwa msasa mara saba pale pa viwiko.

Mdogo wangu, nilijua.

Chumvi haikuula. Wiki ya tatu baada ya maziko nilikuwa nikipika, wewe ulikuwa umelala, ulikuwa huli kitu, ulikuwa umebaki mifupa na macho. Nilichota chumvi, kijiko kikagonga chuma. Nilielewa palepale, nikiwa nimeshika kijiko. Nani mwingine angeuweka humo? Baba alikuwa hajui hata kopo liko wapi. Nikaufuta, nikautia mfukoni. Nikawaza, mimi nimeshachapwa, yamekwisha, mgongo umeshapona. Huyu akiambiwa, hatapona. Basi nikaacha uwe uzembe wangu. Haukuwa mzito. Nakuambia kweli, kuwa mzembe ni rahisi kuliko kuwa wewe.

Mpwa wangu, sasa unajua kwa nini niliandika homa. Ningesema Bibi alifungiwa, ungeuliza nani alikuwa na ufunguo, na ungeuliza ulikwenda wapi, wewe huachi swali njiani, umeurithi ukarani wa mama yako. Niliposoma habari za kopo la chumvi nilikaa juu ya mbao nusu siku. Nilijua hasa anatafuta nini. Na bado nikaandika homa ni homa. Nilidhani namlinda. Kumbe kwa kumlinda nimemfungia miezi mitatu mingine, na safari hii ufunguo ulikuwa mikononi mwangu kweli. Hilo sitaomba unisamehe. Nalisema tu lisikike.

Ndani ya bahasha kuna kitambaa, ndani ya kitambaa kuna ufunguo. Nimekaa nao miaka arobaini na tisa kwenye sanduku la patasi. Mpe mama yako mkononi, mwambie Kaka alijua tangu mwanzo, na hakumkasirikia hata siku moja. Mwambie maneno hayo hivyohivyo.

Kaka, na mjomba,
Fundi Wazi


26 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mlango umefika tarehe ishirini na mbili. Lori lilikwama huko njiani kwa sababu ya daraja, dereva akalala na mlango wako wiki mbili chini ya turubai. Barua ilikuwa imebandikwa kwa nyuma. Mafundi wa hapa wameufunga, wakausifu, wakaniuliza kitasa kiko wapi. Nikawaambia fundi wake hatii. Haulii hata kidogo.

Nakuambia kwa mpangilio, maana nisipopanga nitashindwa.

Tarehe kumi na moja Mama alianza homa, safari hii homa ya kweli, ya kifua. Daktari alikuwa ameanza kumpunguzia vidonge kwa sababu sukari ilikuwa inapanda. Ndani ya siku tatu akawa amerudi kulekule kwenye kusahau. Wamemwongezea tena dawa, kifua kimepona, lakini yeye hajaja. Nimemuuliza daktari kama kuanza dawa ile miezi ya mwanzo kungesaidia. Akasema huenda, na huenda isingekuwa tofauti, na kwamba hatoacha kujaribu, ipo dawa nyingine ya kuituliza hiyo kinga. Mjomba, nakulaumu. Si sana, ila nakulaumu, na nakupenda, na nimeona nikuandikie yote mawili kuliko moja.

Mpaka tarehe kumi alikuwa ananiuliza kila jioni kama barua ya Kaka imefika. Nilikuwa namwambia kesho. Barua yako imemkosa kwa siku kumi na mbili.

Nilimsomea hata hivyo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wako, viwiko vimekaa pale ulipolainisha, akitazama barabarani. Nilisoma neno kwa neno, kwa sauti. Sikuona kitu usoni. Nikafungua kitambaa, nikamwekea ufunguo kiganjani, nikasema, "Kaka anasema alijua tangu mwanzo, na hakukukasirikia hata siku moja."

Aliuangalia sana. Mikono ilikuwa haitetemeki, hilo nililiona. Kisha akanishika mkono akanivuta jikoni, haraka, anachungulia nyuma kama kuna mtu anatufuata. Akafungua kopo la chumvi. Akachimba kwa vidole, akauzika ufunguo, akasawazisha juu kwa kiganja, akafunga kifuniko, akajifuta kwa gauni. Ikawa sauti ya mtoto wa miaka tisa inayotoka kwenye mdomo wa mama yangu. Akaniambia, "Usimwambie Kaka. Akijua nimeuficha hapa atasema ni yeye, na Baba atampiga."

Nikamwambia sitasema.

Kopo sijaligusa. Chumvi ya kupikia nanunua nyingine. Njoo, Mjomba, hata kama hasikii utakachosema na wewe husikii atakachokujibu. Yuko mlangoni tangu asubuhi, sehemu ya juu iko wazi.

Mpwa wako.